Gauni la Mikono Mirefu

Nyamigogo, Biharamulo
Jumanne, 11 Juni 2024

Kwako Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ingawa hilo neno mzima ndilo tunalogombania hapa, maana watu wa nyumba hii wanasema si mzima.

Siwezi kukupigia. Simu inayoshika mtandao hapa ni ya baba mkwe, Mzee Ngeleja, na ukitaka kuongea unapanda juu ya kichuguu mbele ya nyumba, sauti ya nje imewashwa, na kila mtu amekaa anasikiliza. Kwa hiyo naandika. Barua namwachia mama muuza chai wa stendi ya Nyakanazi, naye ataikabidhi basi la Kabanga.

Mama, wameniona mikono.

Jumamosi tulikuwa tunapura maharage. Jua lilikuwa kali, nikakunja mikono ya blauzi. Nilisahau, basi. Mama mkwe akanishika mkono anipokee ungo, vidole vyake vikagusa vile vipele. Akapandisha blauzi mpaka begani, akanigeuza, akaangalia mgongo, pale pale uwanjani mbele ya vibarua. Kisha akapiga kelele: "Upele!" Ng'ambo ya bonde walisikia.

Blanketi letu likatolewa nje kuanikwa. Juvenali akaambiwa akalale na wadogo zake. Mimi nalala stoo na magunia ya mahindi. Juvenali anaijua mikono yangu tangu wiki ya kwanza ya ndoa na hajawahi kujikuna hata kidogo. Nilimwambia aseme hivyo kwa mama yake. Akaona haya, eti mwanamume hamsimulii mama yake mambo ya chumbani. Nimenuna naye mpaka leo.

Na unajua wananiitaje? Mtamba. Unakumbuka siku walipoleta ng'ombe wa mahari kwa lori, Baba akapitisha kiganja mgongoni kwa yule mtamba mweusi mwenye baka jeupe? Alikuta vivimbe, akasema huyu ana mapele ngozi, mrudisheni. Wakamrudisha na lori lile lile, huku watu wa Kabanga wanacheka. Sasa mama mkwe anasema kila asubuhi, na anasema nisikie: "Wangu walimkataa kwa vivimbe viwili, wakanipa wa kwao mwenye elfu."

Mama, wewe ni fundi cherehani. Sare zangu za shule ulizishona mwenyewe, zote mikono mirefu. Hata gauni la harusi, wenzangu wanaolewa mabega wazi, mimi kitambaa mpaka kwenye vifundo vya mikono, na watu wakasifu heshima yangu. Ulijua. Niambie hiki ni kitu gani, na kwa nini hukunifundisha cha kujibu siku watakapokiona.

Mwanao,
Kaneza

*

Kabanga, Ngara
16 Juni 2024

Kaneza mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa hata kumalizia sketi ya mteja.

Kwanza, usinihoji kama mtu wa polisi. Sijamdanganya mtu. Waliuliza? Walikuja wakauliza unaweza kulima, unasali wapi, umefika darasa la ngapi. Hakuna aliyeuliza mikono. Na baba yako kumpapasa ng'ombe ni haki yake, ng'ombe hupapaswa. Huyo Kwandu, mama mkwe wako, alikuwa anatafuta sababu tangu siku ile ya lori, sasa ameipata na anaitafuna.

Pili, kukunja mikono kwa nini? Nilikwambia nini mimi? Joto halijaua mtu. Shusha mikono ya blauzi yako na uishushe leo.

Tatu, sikiliza vizuri. Usijisugue. Sijui wamekupa nini, najua watakuwa wamekupa jiwe au kipande cha gunia. Ukisugua unavichokoza, vinakuwa vyekundu na vinazidi. Usioge maji ya moto. Oga ya vuguvugu, haraka, sabuni kidogo, na kabla mwili haujakauka upake siagi ya ng'ombe, ile ya kusukwa kwenye kibuyu. Mwili ukiwa na maji bado, si baada ya kukauka. Kiangazi hiki ndiyo vinakaza, vinakwaruza nguo usiku kucha mpaka unatamani kujivua ngozi. Mvua zikija vitalainika. Mimi nimeishi na baba yako mpaka nywele zimeota mvi na hajui kitu, kwa sababu nafuata hayo.

Usiwaambie kwamba nilijua. Wakikuuliza, sema ni vumbi la maharage.

Mama yako,
Speciose

*

Nyamigogo
Alhamisi, 27 Juni 2024

Kwa Mama Kaneza, Kabanga,

Anayesema ni mimi Kwandu, mama yake Juvenali. Anayeandika ni Petronila, mke wa katekista, jirani yangu, kwa sababu mimi sikukaa shuleni.

Salamu sina nyingi. Nimeuliza binti yako ni kitu gani kile, akanijibu ni vumbi la maharage. Mama Kaneza, mimi nimepura maharage tangu sijaota meno ya pili. Vumbi linaoshwa, likaisha. Hili la binti yako nimelisugua mwenyewe kwa jiwe la kisigino na halikutoka, lilitoa damu. Mgongo wake ukiugusa ni kama kuku aliyenyonyolewa manyoya.

Mlinirudishia mtamba. Mbele ya watu! Mume wangu alishuka kwenye lori na kofia yake kichwani, akapanda tena ameishika mkononi. Nilinyamaza. Nikasema hawa ni watu waangalifu, watanipa mke msafi. Kumbe mlikuwa mnakagua ngozi za wengine ili tusikague ya kwenu.

(Mama Kaneza, hapa amesema neno ambalo mimi sitaliandika. Petronila.)

Shemeji yangu Matiasi anataka binti arudishwe kwenu kabla hajaambukiza ukoo. Mimi nimekataa. Nimesema upele ni upele, una dawa. Tulipokuwa Shinyanga watoto wangu walipata upele mpaka katikati ya vidole, nikawaogesha dawa ya kupe, wakapona wote, Juvenali akiwemo. Kesho Ijumaa tunaogesha ng'ombe, na binti yako nitampulizia. Nitampimia kipimo cha ndama, sitampimia cha ng'ombe mzima. Mkwe wangu simwonei.

Akipona nitakuandikia. Halafu tutazungumza habari ya mtamba.

Kwandu
(kwa mkono wa Petronila)

*

Kabanga
5 Julai 2024

Mama Juvenali,

Barua yako imenifikia leo, na mwanao amenipigia simu leo hii hii. Nilipokuwa nasoma "kesho nitampulizia", binti yangu alikuwa ameshalazwa.

Ulimpeleka zizini. Ulimvua nguo, ukajifunga bomba mgongoni kama mtu anayekwenda kupulizia pamba, ukampulizia mwanangu dawa ya kupe kuanzia shingoni mpaka chini, juu ya ngozi uliyokwisha kuichuna kwa jiwe. Juvenali ameniambia alitapika mpaka akaishiwa, macho hayaoni vizuri, mate yanamtoka, mwili unatetemeka. Ameniambia huku analia. Analia nini sasa? Alikuwa wapi bomba linajazwa?

Eti kipimo cha ndama! Unaniandikia hivyo kama unayenifanyia hisani! Nilikuzalia ndama mimi?

Nimelelewa kwenye kambi ya wakimbizi, Mama Juvenali. Nimepangwa foleni, nimepuliziwa unga wa chawa kichwani na watu wasionijua jina. Niliapa mwanangu hatasimamishwa uchi mbele ya mtu na kupuliziwa kitu. Nimemsomesha, nimemvika, nimemfunika. Wewe umemvua kwa siku moja.

Mlete. Akitoka kituo cha afya apandishwe basi aje kwao. Ng'ombe wenu mtawachukua, sitaki hata mkia. Na ukiwa na neno la kunijibu, mwambie huyo Petronila aliandike lote, asinifichie.

Speciose

*

Nyamigogo
13 Julai 2024

Mama Kaneza,

Kwandu anasema, Petronila anaandika, na ameahidi kuandika lote.

Yupo hai. Ametoka kituo cha afya, anakula uji, anaona. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalotaka, ingawa barua yako haikuuliza, ilitukana tu.

Nilimbeba mimi. Juvenali alikwenda kutafuta pikipiki, mimi nikambeba mgongoni mpaka barabarani, anatapika shingoni kwangu. Ile dawa iliyokuwa mwilini mwake ikaniwasha na mimi mpaka leo. Pale kituoni walimwosha kwa maji na sabuni, mara nyingi, wakanifokea mbele ya wagonjwa wote. Daktari ni msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinifokea nikainamisha kichwa. Ile dawa ya zamani na hii ya siku hizi si moja, na hata ile ya zamani ni Mungu tu aliwaponya wanangu. Sikujua. Bomba nimelifungia, funguo anayo mume wangu.

Sasa na wewe nisikilize.

Yule daktari alisema si upele. Hauambukizi, mtu anazaliwa nao. Nikamgeukia Kaneza, nikamuuliza, mama yako alijua? Akalia. Ndipo akaniambia habari ya siagi, na maji ya vuguvugu, na kutosugua.

Ulijua! Ulijua kwamba jiwe litamchuna, ukamwandikia yeye kwa siri, hukuniandikia mimi niliyekuwa nimeshika jiwe. Ungeniambia neno moja: Kwandu, mwanangu kazaliwa hivyo, mpake siagi. Siagi ninayo mimi, kibuyu kinaning'inia mlangoni! Ningegomba siku mbili, nikachoka. Ukaona afadhali aitwe mchafu kuliko kusema. Bomba nilishika mimi, sikatai, na nitalijibu kwa Mungu. Lakini wewe ulinifunga macho kwanza.

Siwezi kumpandisha basi mtu asiyetaka kupanda. Muulize mwenyewe.

Kwandu
(Nimeandika lote. Petronila.)

*

Nyamigogo
Jumatano, 24 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Sirudi.

Usiniandikie kwamba nimelogwa, au kwamba nimesahau nilikotoka. Nimekaa kituoni nimelala kifudifudi siku nyingi, na nilipata nafasi ya kukasirika polepole, mmoja mmoja. Nilianza na mama mkwe, nikaenda kwa Juvenali. Yeye ameshatubu: alimwambia mama yake na baba yake na Baba mdogo Matiasi, wote wamekaa, kwamba analala na mimi tangu ndoa na hana hata kipele. Alisema akiona haya, lakini alisema. Halafu nikafika kwako, na hapo hasira ikagoma kuondoka.

Daktari alinieleza. Vile ni vinyweleo vilivyozibwa na ngozi ngumu, basi, ndiyo kitu chote. Havitoki kwa uchafu na havimpati mtu mwingine. Havina dawa ya kuvimaliza, vina namna ya kuvituliza, na ni ile ile uliyoniandikia. Alisema pia kuna krimu yenye yurea inayolainisha. Nikamwomba asilitaje hilo neno mbele ya mama mkwe, maana mfuko wa mbolea uko stoo.

Kisha akaniuliza: nani mwingine kwenu anayo ngozi hii? Nikasema hakuna. Akasema haiwezekani asiwepo, hii hurithiwa, fikiri tena.

Nikafikiri. Mama, nililala kitanda kimoja na wewe nilipokuwa mdogo na sijawahi kuiona mikono yako juu ya kiwiko. Unaoga giza halijaondoka. Unapiga cherehani Januari, jasho linachuruzika mpaka kwenye kitambaa cha mteja, umefunga vifungo vya mkononi. Na uliniandikia kwamba vinakwaruza nguo usiku kucha, na kwamba Baba hajui kitu kwa sababu unafuata hayo. Umejuaje?

Nilikuwa nadhani mimi peke yangu ndiye niliyeumbwa hivi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa najichoma sindano za nguo nivitoboe, na wewe ulikuwa chumba cha pili unazo zile zile. Ungepandisha tu mkono wa gauni siku moja, ukasema, "Ona, na mimi." Ungeniepushia kulia kwingi. Hilo ndilo siwezi kukusamehe kwa haraka, usiniharakishe.

Sasa nisikilize, maana hili si la kunisikitikia, ni la kunisaidia. Matiasi haamini. Anasema daktari ni mtoto, na mwanamume atamtetea mkewe hata kwa uongo, ngoja miezi michache ukoo wote utajikuna. Ameitisha kikao cha ukoo mwezi wa tisa, pamba ikishauzwa. Wakikubaliana naye, Juvenali atapewa kuchagua kati ya mimi na shamba la baba yake, na mimi sitaki achagulishwe. Mama mkwe amesema mbele yao: "Nikiona mwanamke mzima mwenye ngozi hii, mwenye mume asiyejikuna, nani atabisha?"

Mwanamke huyo ni wewe. Njoo. Usije na maneno, njoo na mikono. Kama huwezi, usije kabisa.

Blauzi zote ulizonishonea nimezikata mikono kwa mkasi.

Kaneza

*

Nyamigogo
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mama Kaneza,

Kwandu anasema, Petronila anaandika.

Mwanao alikuandikia mwezi wa saba. Umenyamaza. Kila basi la Kabanga likipita anatafuta safari ya kwenda Nyakanazi, leo chumvi, kesho kiberiti. Nyumba hii ina chumvi ya kutosha kulambwa na ng'ombe wote wa Biharamulo. Sikuandikii kwa mapenzi, nakuandikia kwa sababu nimechoka kununua chumvi.

Kikao ni Jumapili, tarehe ishirini na mbili. Matiasi ameshazunguka kwa wazee na pombe. Mimi nimemwambia akimtoa Kaneza anitoe na mimi, akacheka. Atacheka mpaka lini, sijui.

Neno la pili. Yule mtamba mliyemrudisha amezaa. Alikuwa na mimba pale kwenye lori, na mume wako na kiganja chake hakuihisi! Amezaa jike. Vile vivimbe vilikuwa vya kupe, nilijua tangu siku ile, ndiyo maana niliumia. Nimempa Kaneza, mama na ndama wake. Anamkamua mwenyewe, anasuka maziwa mwenyewe, na siagi anayojipaka akitoka kuoga ni ya mtamba huyo. Mgongo wake sasa ukiugusa haukwaruzi sana. Nampaka mimi, kwa kuwa mgongoni mkono wake haufiki. Hajanizoea bado, kila nikimgusa anajikaza. Nampaka hivyo hivyo.

Bado nina hasira na wewe. Nataka kugombana na wewe uso kwa uso, si kwa mkono wa Petronila, ambaye anachoka na ananihubiria katikati. Njoo tugombane.

Na uje na mikono mifupi.

Kwandu

*

Kabanga
16 Septemba 2024

Mama Juvenali, na wewe Kaneza, someni pamoja, sina karatasi mbili.

Nilinyamaza kwa sababu kila nikianza kuandika nilikuwa nakataa, na nikimaliza kukataa nachana.

Jana jioni nilimwonyesha baba yake Kaneza. Nilifunga mlango, nikawasha taa, nikavua. Ndoa yote hii, harusi ngapi, misiba mingapi, viangazi vingapi nimetoka jasho ndani ya vitambaa hivi! Nilisimama mbele yake. Mume wangu Leonidasi akavaa miwani. Akapitisha kiganja begani, akashuka mpaka kiwikoni, vile vile alivyompapasa yule mtamba. Akasema, "Kumbe ni haya tu? Haya nayajua, usiku unadhani mimi nagusa nini?" Halafu akauliza chai iko wapi.

Nilitaka kumpiga na pasi. Alijua! Alijua siku zote na hakusema neno, akidhani napenda tu mikono mirefu! Nimelia kwa hasira mpaka alfajiri, na sijui hata nimkasirikie nani, maana kila nikimtafuta mtu wa kumlaumu namkuta yuko kwenye kioo.

Kwandu, bomba lile sijakusamehe. Tutagombana, andaa sauti. Baba yake Kaneza anakuja pia. Atamtazama huyo mtamba na atamwomba radhi mzee Ngeleja mbele ya watu, la sivyo atarudi Kabanga kwa miguu. Na Matiasi akitaka kuniona mgongo, mwambie aje na mke wake, nitamwonyesha yeye.

Kaneza, haraka yangu imekwisha, samehe utakapoweza. Tutashuka Nyakanazi Jumamosi. Nimeshona gauni jipya, la kitenge cha njano, mikono imeishia begani. Sitajifunika khanga njiani ili nije kujifunulia hapo kwenu. Nimelivaa sasa hivi ninapoandika, nimekaa na cherehani barazani sokoni, watu wanapita. Wengine wanatazama. Watazame.

Mama yako,
Speciose